Haki Isiishie Gerezani

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa watumishi wa Serikali na walimu)



Majirani wawili wanagombana juu ya mpaka wa shamba. Mmoja anampiga mwenzake makofi mbele ya watu na kuivunja baiskeli yake. Aliyepigwa anakwenda kituoni kushtaki. Akiulizwa anataka nini, atataja mambo matatu: baiskeli itengenezwe, aombwe radhi mbele ya wale wale walioshuhudia akidhalilishwa, na mpaka ujulikane, ili ugomvi usirudi tena msimu ujao wa kulima.

Yatazamwe sasa yanayofuata. Kesi ikishakuwa ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, mwenye baiskeli anageuka kuwa shahidi. Anaitwa, anaulizwa maswali, anajibu aliyoulizwa tu, kisha anaambiwa aende. Kesi ikiahirishwa mara ya kwanza na ya pili, kila mara anajilipia nauli na kuliacha shamba lake. Mwisho wake mshtakiwa anatozwa faini, na faini hiyo inaingia Hazina. Ama anafungwa, na mkewe na watoto wanaachiwa mzigo wote wa nyumba. Mahakama ina uwezo wa kuamuru fidia. Lakini fidia isipoombwa na isipoamriwa, baiskeli inabaki imevunjika, radhi haijaombwa, na mpaka haujulikani. Sheria imefuatwa kikamilifu, lakini majirani wamerudi nyumbani maadui wakubwa kuliko walivyotoka.

Hapo ndipo penye swali la mazungumzo haya. Je, haki imetendeka?

MAANA YA HAKI REJESHI

Utaratibu unaojaribu kuyajibu mahitaji ya mtu kama huyo unaitwa siku hizi haki rejeshi, yaani haki inayokusudia kukitengeneza kile kilichoharibiwa na kosa. Mahakama ya jinai kwa kawaida huuliza: Ni sheria gani iliyovunjwa? Nani aliyeivunja? Anastahili adhabu gani? Haki rejeshi huanza mahali pengine: Nani ameumizwa? Anahitaji nini? Ni nani mwenye wajibu wa kukitimiza anachohitaji? Maswali haya yalipangwa hivyo na mwalimu wa Kimarekani, Howard Zehr, ambaye kitabu chake cha mwaka 1990 kilisaidia sana kuyaeneza.

Utaratibu huu una masharti, na bila ya masharti hayo haufai kuitwa kwa jina hilo. Kwanza, mkosaji awe amekubali kwamba tendo amelitenda. Anayekana kosa ana haki ya kusikilizwa na mahakama. Pili, pande zote mbili ziwe zimeridhia kukutana bila ya kulazimishwa wala kutishwa. Tatu, awepo mtu wa kuyaongoza mazungumzo, asiye ndugu wala mdeni wa upande wowote. Nne, makubaliano yawe yanatekelezeka, yaandikwe, na awepo wa kufuatilia kama yametekelezwa. Kanuni za namna hiyo zilipitishwa mwaka 2002 na Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa, ziwe mwongozo kwa nchi wanachama. Zinasema pia kwamba kushiriki kwa mkosaji katika utaratibu huo kusitumike baadaye mahakamani kama ushahidi kwamba amekiri kosa.

Wapo wanaodhani kuwa huku ni kumbembeleza mhalifu. Fikira hiyo haikuzingatia uzito wa jambo lenyewe. Kizimbani mtuhumiwa anaweza kunyamaza tangu mwanzo hadi mwisho, wakili akamsemea. Katika kikao cha upatanisho hana wa kumsemea. Ni lazima amtazame aliyemwumiza, asikie ni kwa kiasi gani amemwumiza, na aseme kwa kinywa chake mwenyewe atalipa nini na lini. Wako wengi ambao wangechagua faini kuliko hilo.

FIKRA ILIYOTOKA HAPA HAPA

Ni kosa kuyapokea mambo haya kana kwamba yameletwa na meli kutoka Ulaya. Ukweli ni kwamba mojawapo ya maandishi yaliyoziamsha nchi za Magharibi lilianza kwa kueleza shauri lililosikilizwa katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Arusha. Mwandishi wake alikuwa Nils Christie, mtaalamu wa Norway wa mambo ya jinai. Mwaka 1976 alitoa mhadhara mjini Sheffield, Uingereza, na mwaka 1977 ukachapishwa.

Shauri alilolieleza lilihusu uchumba uliovunjika, na mali iliyokwisha kutolewa. Kilichomshangaza Christie ni mpangilio wa watu. Wenye shauri walikaa katikati na wote waliwasikiliza wao. Karibu yao walikaa jamaa na marafiki, nao walishiriki. Nyuma yao walikaa wanakijiji wengine, ambao nao waliuliza na kuchangia. Waamuzi walikuwapo, lakini walizungumza kidogo, maana wenye kuyajua mambo ya kijiji walikuwa wanakijiji wenyewe. Kisha akaulinganisha mkutano huo na mahakama za kwao, ambako wenye ugomvi hukaa pembeni wakati mawakili wanasema. Hoja yake ilikuwa kwamba ugomvi ni mali ya wenye ugomvi na ya jamii yao, na kwamba Serikali na wanasheria wamewanyang'anya mali hiyo. Mtu aliyedhulumiwa, alisema, hupoteza mara mbili: kwanza kwa mkosaji, halafu kwa wale wanaochukua nafasi yake katika kesi yake mwenyewe.

Hii haina maana kwamba kila kilichofanywa na wazee wa zamani kilikuwa chema. Mabaraza mengi ya wazee hayakumpa mwanamke nafasi ya kusema, na kijana hakuthubutu kumpinga mkubwa. Fundisho ni kwamba msingi upo, nao ni wa wananchi. Mkoloni aliuwekea msingi huo paa la kigeni. Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1930, ilitungwa na watawala waliotaka kwanza utulivu wa himaya yao. Mwenye baiskeli hakuwamo katika mawazo yao.

NCHI NYINGINE ZIMEFANYA NINI

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Elmira, Kanada, vijana wawili waliharibu mali za watu 22 katika usiku mmoja wa ulevi. Hakimu alikubali pendekezo kwamba waende nyumba kwa nyumba kuwakabili waliowaharibia na kujua hasara ya kila mmoja, kisha walipe. Jambo hilo dogo likawa mwanzo wa mipango ya upatanisho iliyoenea Amerika ya Kaskazini.

New Zealand ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 1989 kuhusu watoto, vijana na familia zao ilifanya mkutano wa ukoo kuwa njia ya kawaida ya kushughulikia makosa ya vijana. Mabadiliko hayo yalitokana kwa sehemu kubwa na malalamiko ya Wamaori, wenyeji wa nchi hiyo, kwamba watoto wao walikuwa wakichukuliwa na kupelekwa katika taasisi za Serikali bila ya jamaa zao kuulizwa. Katika mkutano huo hukaa kijana, jamaa zake, aliyekosewa, polisi na mratibu, wakapanga pamoja namna ya kulitengeneza jambo.

Kwa upande wa Afrika, mfano mzito kuliko yote uko kwa jirani. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Rwanda ilikuwa na watu zaidi ya laki moja magerezani, na mahakimu wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha, ambayo ilimaliza kazi yake mwaka 2015, iliwashtaki watu 93, wengi wao wakiwa viongozi na wapangaji wakuu. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, lakini haikuweza kuwafikia maelfu kwa maelfu waliowaua majirani zao vilimani. Rwanda ikachukua jina na mfano wa baraza la kijadi la gacaca na kulitungia sheria mwaka 2001. Mahakama zipatazo 12,000 zilianzishwa nchini kote. Waamuzi wake walichaguliwa na wananchi kwa uadilifu wao, wala hawakuwa wanasheria. Mpaka zilipofungwa rasmi tarehe 18 Juni, 2012, zilikuwa zimesikiliza mashauri yapatayo milioni 1.9.

Aliyekiri na kueleza ukweli wote alipunguziwa kifungo, na sehemu ya kifungo hicho aliweza kuitumikia kwa kazi za manufaa ya umma. Kwa familia nyingi faida kubwa ilikuwa kujua mahali walipotupwa wapenzi wao, wakawafukua na kuwazika kwa heshima. Hilo mahakama ya kawaida isingelitoa kwa wingi ule.

Lakini ni lazima isemwe pia kwamba kasoro zilikuwapo. Washtakiwa hawakuwa na mawakili. Mashahidi wengine walitishwa, na wengine waliuawa. Baadhi ya waamuzi walituhumiwa kupokea rushwa. Mashtaka dhidi ya askari wa jeshi lililoshinda vita hayakuletwa mbele ya mabaraza hayo. Kwa hiyo gacaca inafundisha mambo mawili kwa pamoja: wananchi wa kawaida wanaweza kubeba mzigo mkubwa wa haki, na haki hiyo inaweza kupotoka ikiwa mwenye nguvu hasimamishwi mbele yake.

VYOMBO VILIVYOPO TANZANIA

Hakuna haja ya kungoja sheria mpya ili kuanza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwishaweka kwamba, isipokuwa kwa sababu maalumu, shauri la talaka lisipelekwe mahakamani kabla ya Baraza la Usuluhishi kujaribu kuwapatanisha mume na mke, na kuthibitisha kuwa limeshindwa. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 iliyapa mabaraza hayo kazi ya kwanza ya kulinda amani na maelewano kwa kuwasuluhisha wanaogombana. Wajumbe wake ni kati ya wanne na wanane, nao ni wakazi wa kata ile ile.

Mwaka huo huo wa 1985 Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai iliiruhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika kesi za shambulio la kawaida na makosa mengine madogo yanayohusu watu binafsi, ikiwa maslahi ya umma hayadai adhabu. Shauri la majirani wa mpakani ni la aina hiyo hasa. Mwaka 2002 ikaja Sheria ya Huduma kwa Jamii, ambayo kwayo mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu anaweza kuamriwa kufanya kazi ya manufaa ya umma badala ya kufungwa. Na mwaka 2021 Baraza la Kata liliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi. Sasa kazi yake katika migogoro hiyo ni kusuluhisha, na wenye mgogoro wasipopatana katika siku 30 wanaweza kuendelea na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Vyombo vipo, basi. Lakini jembe lililoning'inizwa ukutani halilimi. Baraza lisilo na daftari, lisilo na siku maalumu ya kukutana, na ambalo wajumbe wake hawajapata kuelezwa tofauti kati ya kusuluhisha na kuhukumu, ni baraza kwa jina tu. Wapo wajumbe ambao, wakishakaa mezani, hujigeuza mahakimu wadogo: wanakemea, wanatoza na kutisha. Huo si usuluhishi. Msuluhishi ni mtu wa kusikiliza kwanza, na kusema mwisho.

HATARI YA SULUHU ISIYO HAKI

Hapa panahitajika maneno ya wazi. Neno zuri la upatanisho limetumiwa mara nyingi kufunika maovu. Binti mdogo ananajisiwa. Wazee wa pande mbili wanakutana usiku. Anatolewa ng'ombe au fedha taslimu. Baba anapokea, na asubuhi inatangazwa kwamba mambo yamemalizwa kifamilia. Aliyeumizwa hakuulizwa neno. Mwenye kosa hakukiri kitu mbele ya mtu. Atakayefuata kuumizwa hana wa kumkinga. Hiyo ni biashara ya kumnunua shahidi, na mtumishi anayeijua na kunyamaza ni mshiriki wake. Sheria ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana iliongeza ukali wa adhabu kwa sababu Taifa lilikwishaona kwamba makosa hayo hayana suluhu ya kibaraza. Mahali pake ni polisi na mahakamani.

Hatari ya pili ni ya mwenye mali na asiye nacho. Tajiri wa kijiji akikutanishwa na kibarua wake, radhi ya kibarua yaweza kuwa ni njaa inayosema. Ndiyo maana kanuni inataka ridhaa ya kweli, na ndiyo maana mkosewa aruhusiwe kuja na mtu wa kumpa moyo, na aelezwe kwamba akikataa kupatana njia ya mahakama iko wazi.

Hatari ya tatu ni ya umati. Sungusungu walioanza katika sehemu za Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliwasaidia wananchi dhidi ya wezi wa ng'ombe pale ambapo polisi walikuwa mbali. Hata hivyo, mahali pengine walipiga watu, na kuwatenga waliotuhumiwa bila ya ushahidi wa kutosha. Haki ya wananchi haiwi haki kwa sababu tu wananchi ni wengi.

Na hatari ya nne inawahusu watumishi wenyewe. Mali ya umma ikiibwa, aliyekosewa ni kila mgonjwa aliyekosa dawa na kila mtoto aliyekaa sakafuni darasani. Mkubwa wa idara hana mamlaka ya kuwasamehe watu hao kwa niaba yao chini ya mlango uliofungwa. Kurudisha kilichoibwa ni wajibu wa mwizi, lakini hakumwondolei mashtaka.

SHULE NDIYO CHUO CHA KWANZA

Desturi haianzi mahakamani. Mtu mzima asiyejua kuomba radhi ni mtoto ambaye hakufundishwa. Kwa hiyo mwalimu ana nafasi ambayo hakimu hana.

Kanuni za adhabu ya viboko katika shule za Tanzania zilitungwa mwaka 1979, na zikarekebishwa mwaka 2002 ili viboko visizidi vinne, vitolewe na Mwalimu Mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Kenya ilikwenda mbali zaidi kwa kuifuta adhabu hiyo shuleni mwaka 2001. Mjadala juu ya kiboko utaendelea. Lakini hata anayekitetea atakubali kwamba kiboko hakimrudishii mwanafunzi daftari lake lililochanwa. Aliyechapwa hujiona amekwisha kulipa deni, hali hakulipa kitu. Amelipa maumivu, na maumivu hayo hayana wa kuyapokea.

Mwalimu anaweza kufanya hivi. Mwanafunzi aliyechana daftari la mwenzake aitwe pamoja na mwenzake. Kila mmoja aeleze kilichotokea bila ya kukatizwa. Mwenye daftari aseme amepoteza nini: masomo ya muhula mzima, pengine na fedha ambazo mama yake aliuza mboga kuzipata. Mkosaji aulizwe atalitengenezaje jambo hilo. Akubali, kwa mfano, kuyanakili upya masomo yote kwa mkono wake katika daftari jipya katika muda wa wiki mbili. Mwalimu aandike, na siku ya mwisho akague. Kazi hiyo inachukua muda kuliko viboko viwili, na hapa walimu wenye darasa la watoto themanini wana haki ya kulalamika. Lakini kosa linalotengenezwa mara moja halimrudii mwalimu kila wiki. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Na kukunja si kuvunja.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Afisa Mtendaji wa Kata ahakikishe kuwa Baraza la Kata lina wajumbe kamili, wakiwamo wanawake wanaosikilizwa na si wa kujaza viti tu, na kwamba kila makubaliano yanaandikwa na kusomwa kwa sauti mbele ya waliokubaliana. Afisa wa Ustawi wa Jamii aifuatilie ahadi baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita. Ahadi isiyofuatiliwa huwafundisha watu kudharau ahadi. Polisi na mwendesha mashtaka wajue ni makosa gani yanaruhusiwa kupatanishwa na ni yapi yasiyoguswa, wala wasiache mpaka huo uchorwe na bahasha. Hakimu aikumbuke fidia kabla ya faini.

Gereza litabaki, maana wapo watu ambao jamii haina budi kujikinga nao. Lakini wengi wanaoingia hurudi, nao hurudi katika kijiji kile kile, kwa majirani wale wale, penye mpaka ule ule wa shamba. Siku hiyo hakimu hayupo, wala polisi. Wapo wao wawili tu, na jembe mkononi mwa kila mmoja. Kazi ya haki ni kuhakikisha kwamba majembe hayo yatainuliwa kwa kulima.